Maji ya Bethlehemu na Chokoleti ya Pasaka

Po pote mlipo jioni hii, kama mko jikoni mnasonga ugali, kama mko safarini, au kama mmelala kwa ugonjwa na redio iko karibu na kichwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Juma hili ndilo Juma Takatifu. Sisi tunasema nanyi kutoka Idsowe, karibu na Garsen, mahali barabara ya Lamu inapovuka mto Tana, na habari tuliyo nayo ni ya kitu kitamu ambacho hakimei kwetu kabisa. Ni habari ya chokoleti.

Huenda msikilizaji mmoja anacheka na kusema, chokoleti na Idsowe, wapi na wapi? Ana haki ya kucheka. Chokoleti iliyonunuliwa Malindi asubuhi, ikapanda basi na kusafiri zaidi ya kilomita 100 katika joto letu, hufika hapa imekuwa uji. Lakini Pasaka ikikaribia, watoto wetu wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi hurudi nyumbani, na katika mifuko yao, kati ya sukari na majani ya chai na leso ya bibi, siku hizi hakikosi kipande cha chokoleti kwa ajili ya watoto. Katika maduka makubwa ya mijini hupangwa hata mayai ya chokoleti yaliyofungwa kwa karatasi za kung'aa, desturi iliyotoka Ulaya, ambako yai limekuwa alama ya Pasaka tangu zamani. Desturi hiyo imeshafika pwani, na itafika mtoni.

Hatusemi kwamba ni vibaya. Mungu ndiye aliyeumba ulimi unaoonja utamu, na mtoto anayelamba vidole vyake siku ya Pasaka hatendi dhambi. Swali letu ni jingine. Ni nani aliyelipia utamu ule? Mwenye fedha aliyesimama dukani alilipa sehemu yake. Lakini je, alilipa yote, au yuko mtu mwingine, mbali, tusiyemjua jina, aliyelipa sehemu iliyobaki kwa mgongo wake?

Mkiwa na Biblia karibu, fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23, kuanzia mstari wa 13. Zilikuwa siku za mavuno. Daudi alikuwa katika pango la Adulamu, na askari wa Wafilisti walikuwa wameshika Bethlehemu, mji wa kwao. Akaona kiu. Wala haikuwa kiu ya maji yo yote tu. Alitamani maji ya kisima kilichokuwa karibu na lango la Bethlehemu, maji ya kwao. Sisi watu wa mtoni twaijua tamaa hiyo. Mtu wa kwetu akikaa Nairobi miaka kumi bado atakuambia maji ya bomba hayamkati kiu. Basi mashujaa watatu wakamsikia Daudi akisema hivyo. Wakapenya katikati ya adui, wakateka maji, wakayabeba, wakamletea. Naye Daudi alipoyapata hakuyanywa. Aliyamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani ya maji yale damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Wengine husoma habari hii wakaona Daudi hakuwa na shukrani. Mtu akuletee maji kwa hatari kiasi hicho, nawe uyamwage chini? Lakini tazameni vizuri. Maji yenyewe yalikuwa safi. Yalikuwa yale yale aliyoyatamani. Lililobadilika ni kwamba sasa Daudi alijua bei yake, na akiisha kujua hakuweza tena kuyaita maji tu.

Nasi basi na tujue bei ya chokoleti. Chokoleti hutoka katika mbegu za mti uitwao mkakao, mti wa nchi za joto na mvua nyingi. Tunda lake ni kama papai dogo, nalo huota kwenye shina lenyewe na matawi makubwa. Mkulima hulikata, hulipasua kwa panga au kwa rungu, hutoa mbegu zenye ute mweupe, huzifunika kwa majani ya mgomba kwa siku tano, sita au zaidi mpaka zichachuke, kisha huzianika juani. Kazi hiyo yote ni ya mikono. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia nzima hutoka katika nchi mbili za Afrika ya Magharibi, yaani Ghana na Kodivaa, ambayo wengine huiita Pwani ya Pembe. Lakini hata karibu nasi iko. Inalimwa Kyela huko Tanzania, inalimwa Bundibugyo huko Uganda, na inalimwa Beni katika Kongo ya mashariki, kwa wenzetu wanaosema Kiswahili kama sisi, ambako katika miaka hii wakulima wamevamiwa na watu wenye silaha na kuuawa mashambani mwao. Mtu wa Beni anapokwenda kuchuma kakao yake, safari yake haina tofauti kubwa na ya wale mashujaa watatu waliokwenda kisimani.

Mwaka 2020 taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago ilitoa taarifa ndefu juu ya Ghana na Kodivaa. Ilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi katika kilimo cha kakao katika nchi hizo mbili, na wengi sana kati yao walifanya kazi za hatari, kama kutumia panga, kubeba mizigo iliyowazidi nguvu, na kukaa karibu na dawa za kunyunyizia mimea. Hapa tuseme kwa haki. Si kila mtoto anayeonekana shambani anateswa. Watoto wetu pia hufukuza ndege katika mpunga na nyani katika mahindi, na hakuna anayetuita wakatili. Ila tunajua tofauti iliyopo kati ya mtoto anayemsaidia mama yake akitoka shule, na mtoto ambaye jembe lilimchukua kabla shule haijamwona. Na mara nyingi yule mwenye shamba la kakao si mtu mbaya. Ni maskini. Hana fedha za kumwajiri mtu mzima, kwa kuwa kakao yake haikumlipa yeye mwenyewe.

Sikilizeni jambo lililotokea katika Juma Takatifu la mwaka 2024. Siku ya Jumanne, tarehe 26 Machi, bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani moja, jambo ambalo halikuwa limetokea kamwe. Siku hizo hizo mkulima wa Kodivaa alikuwa akilipwa bei iliyowekwa na serikali yake tangu mwanzo wa msimu, nayo ilikuwa faranga 1,000 kwa kilo, yaani kama dola 1,650 kwa tani. Kakao nyingi ilikuwa imekwisha kuuzwa mapema, kabla bei haijapanda. Mwezi wa Aprili serikali iliongeza ikawa faranga 1,500. Wakubwa wana maelezo yao, nasi hatukatai kwamba bei iliyowekwa mapema humlinda mkulima siku soko linapoanguka. Hata hivyo, ndugu, Pasaka ile mayai ya chokoleti yaliuzwa ghali katika miji ya dunia, na mtu aliyeipasua kakao hakuuona ughali huo mfukoni mwake.

Je, watu wa Idsowe, na wa Ngao, na wa Golbanti, habari hii ni ngeni kwenu?

Maana sisi hatuna kakao, lakini tuna maembe. Tunamjua mtu anayekuja na lori miti ikiwa bado ina maua, akazunguka shamba akiwa na mikono nyuma, akautazama mti kwa jicho, akataja bei ya mti mzima. Tunajua ni kwa nini baba hukubali. Karo inadaiwa. Barabara ya kwenda mashambani ikinyeshewa haipitiki. Embe likiiva halingoji mtu, likikaa siku tatu linaoza, na yule mwenye lori anajua hayo yote kuliko sisi. Na asiponunua kwa mti, atanunua kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, limejazwa, likashindiliwa, likaongezwa kichwa cha wavu juu, kisha likahesabiwa kuwa moja. Nabii Amosi angelitambua gunia hilo mara moja. Baadaye tukifika Mombasa tunaliona embe letu limepangwa kwenye meza, na moja linauzwa kwa fedha ambayo kwetu ingenunua kapu.

Basi msikilizaji wa mtoni asidhani kwamba mkulima wa kakao ni mtu wa mbali. Ni yeye mwenyewe, ila analima mti mwingine. Na hapa ndipo penye ugumu wa habari yetu. Mtu yule yule anayelalamikia dalali wa maembe, akifika dukani anatafuta kitu cha bei ya chini kabisa bila kuuliza kilishukaje bei. Akinunua samaki kwa kijana aliyekesha na mtumbwi katika ziwa la Shakababo, hupunguza bei mpaka yule kijana anyamaze, kisha hurudi nyumbani akijisifu. Tunalia tukiwa wauzaji, tunacheka tukiwa wanunuzi.

Jambo hili si la leo, wala halikuanzia kwetu. Yai la kwanza la chokoleti la Pasaka huko Uingereza lilitengenezwa na kampuni ya Fry katika mji wa Bristol mwaka 1873. Angalieni mwaka huo. Ndio mwaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Wenye viwanda vikubwa vya chokoleti wakati ule, Fry, Cadbury na Rowntree, walikuwa Wakristo wa dhehebu la Marafiki, ndugu wa dhehebu lile ambalo wamisionari wake wa Kimarekani walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Walichukia utumwa. Waliwajengea wafanyakazi wao nyumba nzuri. Lakini mwaka 1901 kampuni ya Cadbury ilisikia kwamba kakao waliyoinunua kutoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyotawaliwa na Wareno, ililimwa na watu waliochukuliwa Angola na kufanywa watumwa, ingawa katika karatasi waliitwa vibarua wa mkataba.

Walifanya nini? Waliandika barua. Walifanya mashauri. Walimtuma mtu kwenda kuchunguza, naye akakaa huko muda mrefu, akarudi na taarifa. Waliongea na serikali ya Uingereza na ya Ureno. Wala hawakukaa kimya, walihangaika kweli. Lakini waliendelea kununua, na hawakuacha mpaka mwaka 1909. Gazeti moja la London lilipowashambulia kwa unafiki, wakalishtaki. Mwisho wa mwaka ule baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi, na kama fidia likawapa sarafu moja ndogo kuliko zote za Kiingereza, robo ya peni. Sisi tunadhani wazee wale walipima sawasawa. Watu wa Cadbury walikuwa wasema kweli, na walikuwa wamechelewa miaka minane. Kwa mtumwa wa São Tomé, miaka minane ilikuwa maisha mazima.

Wala sisi wa pwani hatuna nafasi ya kuwanyoshea kidole. Karafuu za Unguja na Pemba zilizotia harufu nzuri katika vyakula vya dunia zilichumwa na watumwa. Mtama na ufuta wa Malindi, uliopakiwa katika majahazi kwenda Arabuni, ulilimwa na watumwa, na katika pwani yetu ya Kenya utumwa haukufutwa katika sheria mpaka mwaka 1907. Wako kati ya wanaotusikiliza jioni hii ambao babu zao walilima mashamba yale, na wako ambao babu zao waliyamiliki. Wote leo huketi katika benchi moja kanisani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Sasa tuje kwenye zawadi. Pasaka ni wakati wa kutoa. Makanisa hukusanya sadaka, jamaa huchinja kuku, wenye uwezo hupeleka unga kwa wajane. Ni vizuri sana, nasi tutasema habari hiyo baada ya kitambo kidogo. Lakini kuna kosa moja ambalo huingia kimya kimya katika utoaji wetu, nalo ni hili: mtu humpa mwenzake kama zawadi kitu ambacho alipaswa kumlipa kama ujira.

Tumewaona mabinti wa vijiji vyetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani mijini. Huamka kabla ya jogoo, hulala baada ya watu wote, hulea watoto wa wengine. Jumamosi ya Pasaka mmoja hushuka stendi ya basi hapa Garsen na mfuko mzuri wa karatasi. Ndani yake mna leso, mna mkate wa maziwa, na mna chokoleti iliyoyeyuka. Mama yake humkumbatia, humsifu yule tajiri kwa ukarimu wake, kisha humwuliza polepole kuhusu mshahara. Binti hutazama chini. Mshahara wa Januari haujalipwa, wala wa Februari, wala wa Machi. Ameambiwa avumilie, hali ni ngumu. Na huyo tajiri, ndugu zetu, kwa kawaida si mpagani. Huenda jioni hii yumo katika kundi la wanaotusikiliza, na wimbo wa Pasaka anaujua kwa moyo.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Musa anaagiza kwamba maskini aliyeajiriwa apewe ujira wake siku ile ile, jua lisitue kabla hajapewa, kwa kuwa roho yake inautazamia. Yakobo naye, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa una sauti, unalia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Leso haiwezi kufunika sauti hiyo, hata iwe pana namna gani. Miezi mitatu ya mshahara ni deni. Ukitoa zawadi juu ya deni usilolilipa, umejinunulia sifa kwa fedha ya mwenye kudai.

Tena Daudi yule yule wa kisima cha Bethlehemu atusaidie hapa. Katika sura inayofuata, ya 24, alikwenda kununua kiwanja cha kupuria nafaka cha Arauna Myebusi ili amjengee Bwana madhabahu. Arauna akasema, mfalme achukue bure, na ng'ombe wa sadaka wapo, na kuni zipo. Ilikuwa heshima, na mfalme angeweza kuipokea bila lawama ya mtu. Daudi akakataa. Akalipa shekeli 50 za fedha, akachukua mali kwa bei yake, ndipo akatoa sadaka. Hakutaka kumpa Mungu kitu ambacho gharama yake ilibebwa na mtu mwingine. Kwanza alilipa, halafu akatoa.

Zakayo pia alitaja yote mawili akiwa amesimama mahali pamoja. Nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyedhulumiwa mara nne. Angetaja lile la kwanza peke yake, Yeriko nzima ingempigia makofi, na wale aliowanyang'anya wangekwenda nyumbani mikono mitupu.

Huenda mtauliza, je, tufanye nini na chokoleti? Tuimwage kama Daudi? Hapana, hatuwaambii hivyo. Mkulima wa Kyela au wa Ghana hapati faida yo yote kakao yake ikiachwa isinunuliwe. Anachotaka ni kununuliwa kwa haki. Katika miaka ya karibuni wako watu waliojaribu kutengeneza njia hiyo. Huko Uholanzi mwaka 1988 walianza kuweka alama katika kahawa iliyonunuliwa kwa wakulima kwa bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani, na baadaye alama za namna hiyo zikawekwa katika chokoleti pia. Ile inayojulikana zaidi huitwa Fairtrade. Huko Ghana mwaka 1993 wakulima wa kakao walianzisha chama chao cha ushirika, Kuapa Kokoo, na mwaka 1998 ikaanzishwa Uingereza kampuni ya chokoleti, Divine, ambayo wakulima hao wenyewe walikuwa na hisa ndani yake. Mtu aliyeko Nairobi au Mombasa, au ndugu zetu walioko Ulaya, wanaweza kuligeuza pakiti dukani na kutazama. Alama haiondoi dhambi zote. Hata mashamba yenye alama yameonekana kuwa na watoto kazini. Lakini kampuni inayojua kwamba wanunuzi wanageuza pakiti haitalala usingizi ule ule. Na kama hakuna chokoleti ya namna hiyo mahali ulipo, au bei yake imekushinda, basi si lazima Pasaka iwe na chokoleti. Asali ya warina asali wetu ni tamu. Ndizi mbivu ni tamu. Embe lililonunuliwa kwa mama wa sokoni kwa bei aliyoitaja yeye, bila kushindana naye, ni tamu mno, tena halina karatasi ya kutupa.

Baada ya kulipa, sasa tutoe. Nehemia sura ya 8 inasimulia siku ambayo watu wote walisikia Torati ikisomwa, wakalia. Viongozi wao wakawakataza kulia siku ile. Wakawaambia waende wakale vilivyonona, wanywe vilivyo vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Tunapenda maneno hayo kwa sababu hayawaoni watu wa Mungu kuwa ni lazima wakae na nyuso za huzuni ili wawe watakatifu. Kula. Kunywa kitamu. Lakini sahani moja itoke nje ya mlango.

Itoke iende kwa nani? Hapa kwetu hatuhitaji kutafuta mbali. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na tena ya Aprili na Mei mwaka 2024, yaliwatoa watu wengi wa Tana majumbani mwao, kama yalivyofanya mwaka 2018, na kama yalivyofanya wakati wa El Niño ya 1997. Mto uliotulisha ndio uliotufukuza. Mtu aliyepoteza migomba yake na mbegu zake hasimami sawa kwa msimu mmoja. Yuko karibu nawe, ila amechoka kuomba.

Na sahani ile isichague dini. Mwaka 2023 Pasaka ilikuwa tarehe 9 Aprili, na mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi; mara zote mbili ndugu zetu Waislamu walikuwa katika mfungo wa Ramadhani. Sisi tulikuwa tunakula Pasaka mchana na majirani zetu wakingoja jua litue. Sahani ya namna hiyo hupelekwa magharibi, wakati wa futari, ikiwa imefunikwa vizuri, na mama huitoa kwa mikono miwili. Tunasema hivi kwa watu wa Tana Delta ambao hawajasahau mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, Wapokomo na Waorma walipouana kwa sababu ya maji na malisho na mashamba, na vijiji vikachomwa, na watoto wakafa. Tangu zamani maziwa ya Mworma na mahindi ya Mpokomo yalikutana sokoni. Watu walipimiana kibuyu na kibaba, kila mmoja akamtazama mwenzake usoni, na biashara ile ya haki ilituweka pamoja kuliko hotuba nyingi zilizokuja baadaye kwa magari. Ukinunua maziwa juma hili kwa mama wa Kiorma, mlipe bei yake. Kisha, kama Mungu amekujalia, siku ya Pasaka mpelekee mkate.

Jambo moja la mwisho, maana dakika zetu zinakwisha. Yohana sura ya 21 inatuonyesha Bwana Yesu aliyefufuka akiwa ufuoni, asubuhi, amewasha moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Wavuvi wamekesha usiku kucha bila kitu, ndipo kwa neno lake wakavuta samaki wakubwa 153. Yeye tayari ana chakula cha kuwatosha. Lakini anawaambia walete na baadhi ya samaki walioshika wao. Anaitaka jasho yao iwepo mezani, ihesabiwe, iliwe kwa heshima pamoja na kile alichokitoa yeye. Wavuvi wa Shakababo mnaotusikia mkitengeneza nyavu, hiyo ndiyo karamu ya kwanza ya Pasaka iliyowahi kuandaliwa kwa watu wa kazi yenu.

Tuombe.

Bwana Yesu uliyefufuka, wakumbuke usiku huu watoto walio katika mashamba ya kakao, na wakulima wa Beni wanaoogopa njia ya kwenda shambani kwao. Mkumbuke binti aliye jikoni mwa watu, ambaye bado hajajua kama atapewa nauli ya kurudi nyumbani. Gusa moyo wa anayemdai na wa anayedaiwa, na kabla ya Ijumaa Kuu haijapambazuka ufungue mkono wake yule aliyeufunga. Linda kingo za mto wetu katika mvua hizi. Amina.